Jim Reeves: kantri ya asili au pop?

“Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mwimbaji na mpiga rithimu wa bendi ndogo ya watu watano. Kila Ijumaa tunapiga kopi za kantri kwenye hoteli moja hapa Nakuru. Nimelelewa na kaseti za mzee wangu: Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams, Dolly Parton. Kwangu mimi hiyo ndiyo kantri ya asili. Siku hizi vijana wanaomba Morgan Wallen na Shaboozey, halafu wazee wanatuuliza kwa nini tunapiga hip hop iliyovaa kofia. Juzi mpiga besi wetu akanitolea uvivu mbele ya watu: ‘Hata huyo Jim Reeves wako alikuwa pop.’ Tuligombana nusura bendi ivunjike. Nani ana haki? Mstari kati ya kantri ya asili na ya pop uko wapi, na nani anausogeza? Na je, ninunue lile gitaa la steel, lile linalolazwa na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyaya, ili tusikike kama zamani, au sauti yake ya kwenye kinanda inatosha? Jambo la mwisho: nikiimba chini kama Reeves, kufikia saa nne usiku koo linakwaruza.”

Ndugu yangu, mpiga besi wako amesema kweli, ila kaisema nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyokuchoma, kwa hiyo tuimalize kwanza, gitaa na koo vitafuata.

Tafuta rekodi mbili za Jim Reeves uzisikilize moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni “Mexican Joe” ya 1953, iliyomtoa. Hapo Reeves anapaza sauti, anaimba juu na kwa haraka, bendi nayo imechangamka nyuma yake. Ya pili ni “Four Walls” ya 1957. Mtu ni yuleyule, lakini ameshuka hadi sakafuni mwa sauti yake, mdomo karibu uguse maikrofoni, na anasema zaidi kuliko anavyoimba. Nyuma yake kundi la Jordanaires linaitikia kwa “uuu” laini. Fidla hakuna. Steel hakuna. Rekodi hizo zimepishana kwa miaka minne tu, na katikati yake alipita Elvis Presley.

Rock and roll ilipolipuka kati ya 1954 na 1956, vijana wengi wa kusini mwa Marekani waliokuwa wateja wa kantri waliihama, na vituo vya redio vikawafuata. Kufikia 1961, vituo vilivyopiga kantri kutwa nzima nchini Marekani vilikuwa 81 tu. Pale Nashville maprodyuza wawili, Chet Atkins wa kampuni ya santuri ya RCA na Owen Bradley wa Decca, walipiga hesabu ya biashara: vijana wameondoka, basi tuwauzie wazazi wao, pamoja na watu wa mjini wanaoona haya kusikiliza muziki wa mashamba. Wakaiweka pembeni fidla ya kijijini na steel, wakaleta waitikiaji, piano na, baadaye, kundi zima la fidla za okestra. Ndiyo, fidla iliondolewa ili fidla zije. Chombo kilikuwa kilekile, ila hawa wa pili walisoma nota na kuvaa suti. Patsy Cline na “Crazy” yake ya 1961 ni kazi ya Bradley. Mtindo huo ukaitwa Nashville Sound, na inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa ni sauti gani hasa, alitia mkono mfukoni akachezesha sarafu.

Kwa hiyo Reeves wa kaseti za mzee wako ni pop iliyotengenezwa kwa makusudi. “He’ll Have to Go” ilipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya pop mwaka 1960, na huko ndiko ilikokusudiwa kufika.

Wenzake wa kwenye hizo kaseti nao hawana usalama. Kenny Rogers aliimba “Lady” mwaka 1980, na mtunzi wake ni Lionel Richie. “Islands in the Stream,” aliyoiimba na Dolly mwaka 1983, imetungwa na Bee Gees. Dolly mwenyewe alipokuwa akirekodi “Here You Come Again” mwaka 1977 aliona wimbo umekuwa pop mno, akamsihi prodyuza wake atie steel ndani yake ili mashabiki wa nyumbani wasiseme amewauza. Usikilize tena ule wimbo ukijua hilo: steel imekaa pale kama cheti cha kuzaliwa. Aliyebaki karibu na shamba ni Don Williams, na hata kwake vyombo vyote vinanong’ona.

Kwa nini sisi huku tukaamini kwamba hiyo ndiyo asili? Kwa sababu ndiyo iliyotufikia kwa wingi. Muziki uliotengenezwa uvuke mpaka ndio unaovuka. Mwaka 1962 Reeves alizuru Afrika Kusini akiwa na Atkins na mpiga piano Floyd Cramer, na santuri zake zikaenea bara zima. Maneno yake yalisikika moja moja, hata kwa mtu aliyejifunza Kiingereza ukubwani, na tempo yake haikumkimbia mtu. Don Williams naye alipokwenda Zimbabwe mwaka 1997 alikuta Harare inamngoja. Tuliletewa tawi tukalipokea kama shina, na mzee wako hana kosa lolote katika hilo.

Kabla ya Reeves, hata hivyo, kuna mwingine aliyefika jirani kabisa na kwenu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki aliyezunguka Afrika na mitambo yake, alifika Kapkatet, kule Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba “Chemirocha.” Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake na gramafoni zilikuwa zimefika milimani pamoja na Wazungu, na wasikilizaji wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Kama unataka kujivunia mizizi ya kantri Bonde la Ufa, jivunie hapo. Wale wasichana walikuwa na kinubi chao cha chepkong, si gitaa, na hawakumkopi Rodgers hata kidogo. Walimtungia wimbo wao.

Sasa nusu ya pili, ile aliyoiacha mpiga besi wako. Kama Reeves ni pop, je, asili ni nani? Hank Williams, yule nyota wa kabla ya Reeves? Sawa, lakini chukua kile ambacho watu wote hukitaja kama alama ya asili, lile gitaa la steel linalolia. Lilitoka Hawaii, likaenea Marekani kama mtindo wa mjini mwanzoni mwa karne ya 20. Ile sauti ambayo nota moja inapanda huku nyingine imesimama, hiyo unayoiita sauti ya zamani, inatokana na kanyagio za miguu zinazovuta nyaya, na ilipata umaarufu mwaka 1954 Bud Isaacs alipoipiga katika “Slowly” ya Webb Pierce. Hank Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953. Maana yake sauti ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo kantri yenyewe haimo katika rekodi hata moja ya Hank. Mpigaji wake, Don Helms, alitumia steel isiyo na kanyagio.

Ukirudi nyuma zaidi mambo yanazidi kuchanganyika. Banjo ina asili ya Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alirekodi mwaka 1930 na Louis Armstrong akimpigia tarumbeta. Miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville kilichoanza 1925, alikuwa DeFord Bailey, Mwafrika Mmarekani aliyepuliza kinanda cha mdomo. Vijijini watu weusi na weupe walipiga nyimbo nyingi zilezile. Waliozitenganisha ni makampuni ya santuri ya miaka ya 1920: orodha moja ya wanunuzi weusi, nyingine ya wanunuzi weupe wa mashambani. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuja kuwa kantri. Mstari wa kwanza kabisa ulichorwa kwenye katalogi, na ulichorwa kwa rangi ya mteja. Weka hilo akilini, litarudi tukifika kwa Shaboozey.

Nakushauri uachane na swali la nani ni wa kweli, ujifunze kusikiliza mapengo. Kila wimbo wa kantri una nafasi mwimbaji anapomaliza mstari na kuvuta pumzi. Uliza: nani anajibu hapo? Kwa Hank Williams anajibu Don Helms kwa steel au Jerry Rivers kwa fidla. Kwa Reeves wa 1960 anajibu Floyd Cramer kwenye piano, pamoja na waitikiaji. Kwa Buck Owens kule Bakersfield, California, linajibu gitaa la Telecaster lenye makali. Kwa Shania Twain linajibu gitaa la rock. Kwa Morgan Wallen mara nyingi hakuna anayejibu. Pengo limejazwa na sauti yake mwenyewe iliyorudufiwa, na chini yake visahani vya dramu za kompyuta vinatetema kama kwenye trap, ile aina ya hip hop. Ukisikiliza hivyo kwa wiki moja utaanza kutaja mwaka wa wimbo hata kama humjui mwimbaji.

Shania anastahili kusimamishwa kidogo. Albamu yake “Come On Over” ya 1997, prodyuza wake Mutt Lange, ambaye kabla ya hapo alikuwa ametengeneza rock ya AC/DC na Def Leppard, ilitoka kwa michanganyo tofauti. Marekani walipewa ile yenye fidla na steel. Soko la kimataifa likapewa nyingine ambayo vyombo hivyo vimepunguzwa au kuondolewa. Mwimbaji ni huyohuyo, maneno yaleyale. Unaweza kuzisikiliza zote mbili leo ukashika mstari wenyewe kwa mkono: ni vifungo vichache kwenye meza ya fundi mitambo.

Nani anasogeza? Wasanii hupiga kelele, lakini mkono wao ni mfupi. Mwaka 1974 Chama cha Muziki wa Kantri, CMA, kilimpa Olivia Newton-John, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Wakongwe wakakutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette wakaunda chama chao cha kulinda kantri. Mwaka uliofuata Charlie Rich, akiwa jukwaani kutangaza msanii bora wa mwaka, alifungua karatasi, akaona jina la John Denver, akatoa kiberiti cha gesi akaichoma. Watu wakamshangilia kama mlinzi wa asili. Lakini huyo Rich alikuwa ametajirika miaka miwili tu nyuma kwa “Behind Closed Doors,” wimbo laini uliovuka hadi chati ya pop. Buck Owens naye mwaka 1965 alichapisha kiapo gazetini kwamba hataimba wimbo usiokuwa wa kantri, na mwaka huohuo albamu yake ikawa na wimbo wa Chuck Berry. Wanaolinda mpaka mara nyingi wameshauvuka wenyewe, na kusema kweli sioni ubaya. Ninachokwepa ni kile kiburi.

Wenye mkono mrefu ni wanaohesabu na wanaorusha. Hapo nitatumia muda kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hawaangalii.

Hadi 1991 chati za albamu za Billboard, jarida la muziki la Marekani, zilitegemea ripoti za wenye maduka, ambao wengi hawakuichukulia kantri kwa uzito. Mwaka huo wakaanza kuhesabu kile kilichopita kweli kwenye mashine za kaunta. Ghafla ikaonekana kantri ilikuwa ikinunuliwa kuliko ilivyodhaniwa, na mwezi Septemba Garth Brooks akaingia na “Ropin’ the Wind” moja kwa moja nafasi ya kwanza ya chati ya albamu zote. Nashville ikaonja fedha za uwanja wa mpira, na tangu hapo nyimbo nyingi zimetengenezwa ili ziujaze uwanja huo. Kisha sheria ya mawasiliano ya 1996 ikaondoa kikomo cha vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini. Kampuni moja, Clear Channel, ikafikisha zaidi ya 1,000. Mtu akikaa ofisi moja akichagua nyimbo za miji mingi, hachagui wimbo utakaopendwa sana na wachache. Anachagua usiomfanya mtu abadilishe kituo.

Halafu Oktoba 2012. Kabla ya hapo chati kuu ya nyimbo za kantri ilihesabu vituo vya kantri peke yake. Billboard wakaanza kuingiza mauzo, usikilizaji wa mtandaoni na vituo vya aina zote. Wimbo ukipigwa na redio za pop, alama zake zinauinua kwenye chati ya kantri. Kundi la Florida Georgia Line lilipomwongeza rapa Nelly kwenye “Cruise,” wimbo huo ukakaa kileleni wiki 24. Prodyuza yeyote mwenye akili alielewa somo. Kama wazee wa hoteli yenu wanataka tarehe ambayo dramu za hip hop ziliingia kantri zikavua viatu, watajie hiyo. Na hapa naungana nao kwa jambo moja: nyimbo nyingi za miaka ile ni orodha tu, gari la pikapu, bia, msichana, mto, Ijumaa. Hank na Dolly walisimulia kisa chenye mwanzo na mwisho. Hilo nalikumbuka kwa uchungu kuliko steel.

Lakini wasiseme muziki umekufa, kwa sababu kila mara pop ilipozidi, kuna waliorudisha asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, filamu ya “Urban Cowboy” ilipowafanya watu wa mjini wanunue kofia na kantri ikawa laini hadi ikachosha, walikuja George Strait, Ricky Skaggs na, baadaye kidogo, Randy Travis. Mwaka 2015 Chris Stapleton aliimba kwenye tuzo za CMA pamoja na Justin Timberlake, na kesho yake albamu yake ilikuwa inatafutwa kila mahali. Sasa hivi kuna Zach Top, kijana anayepiga kantri ya 1990 bila kuomba radhi, na Tyler Childers na Charley Crockett, kila mmoja na njia yake. Wape wazee wenu Zach Top usiku mmoja bila kuwaambia mwaka, uone nyuso zao. Tazama pia kwamba “asili” anayoirudisha Zach Top ni ile ya 1990, na mwaka 1990 kulikuwa na watu waliolalamika kwamba kantri imeharibika.

Shaboozey sasa. Ni mzaliwa wa Virginia, wazazi wake Wanigeria, na “A Bar Song (Tipsy)” ilikaa wiki 19 kileleni mwa chati kuu ya Marekani mwaka 2024. Imekopa kutoka wimbo wa rap wa 2004, hilo halina siri. Miaka mitano kabla yake Lil Nas X alifikisha wiki 19 kwa “Old Town Road,” baada ya Billboard kuuondoa wimbo huo kwenye chati ya kantri wakisema hauna vipengele vya kutosha vya kantri ya leo. Florida Georgia Line na Nelly hawakuondolewa. Mtu anaweza kutoa hoja za muziki kwa pande zote mbili, lakini ukikumbuka ile katalogi ya miaka ya 1920 utaelewa kwa nini wengi walinyanyua nyusi. Mwaka 2024 Beyoncé alitoa “Cowboy Carter,” akamweka Rhiannon Giddens kwenye banjo katika wimbo uliofika nafasi ya kwanza ya chati ya kantri, na Februari 2025 akapata Grammy ya albamu bora ya kantri. Miezi michache baadaye waandaaji wa Grammy wakaigawa tuzo hiyo mara mbili: moja ya kantri ya asili, nyingine ya kantri ya kisasa. Kwa hiyo mstari uliouliza uko wapi, sasa umeandikwa kwenye kanuni za tuzo. Umeandikwa baada ya nani kushinda, hilo kila mtu asome mwenyewe.

Tuje kwenye bendi yako. Kuhusu steel, jibu langu litakushangaza: kwa Reeves huihitaji. Haimo. Ukiweka steel kwenye “He’ll Have to Go” utakuwa umeifanya iwe ya kijijini kuliko ilivyopata kuwa. Kinachohitajika ni mpiga kinanda wako aachane na kitufe kilichoandikwa jina la steel na ajifunze mkono wa Floyd Cramer kwenye sauti ya kawaida ya piano. Aguse nota iliyo chini kidogo ya nota anayoitaka, ateleze papo hapo hadi kwenye ile ya kweli, huku kidole kidogo kikishikilia nota ya juu bila kusogea. Hiyo ndiyo namna piano ilivyochukua kazi ya steel. Wiki mbili tatu za mazoezi ya polepole zitamfikisha. Sauti ya steel ya kwenye kinanda haidanganyi mtu, kwa sababu steel halisi inavuta waya mmoja au miwili huku mwingine ukitulia, na gurudumu la kuvuta sauti kwenye kinanda huzivuta zote kwa pamoja.

Kwa Don Williams na Dolly, ambako steel ipo, una njia tatu. Steel ya kanyagio kwa kawaida ina nyaya 10, kanyagio tatu na wenzo kadhaa za magoti. Ni ghali, ni nzito, na mtu hujifunza kwa miaka. Kwa bendi ya hoteli ya Ijumaa singeshauri, labda kama kuna mmoja wenu aliyeipenda kwa moyo. Ukiipata iliyotumika, usilipe kabla fundi anayeijua hajailaza na kukagua vyuma vya chini yake, na usiinunue kwa picha. Ya pili ni steel ndogo ya mapajani, nyaya sita au nane, bila kanyagio. Bei yake inavumilika na inatosha kwa Hank na wa enzi zake. Ya tatu, ambayo ningeanza nayo mimi, ni mpiga solo wako na kanyagio ya sauti. Avute waya wa pili kwa kidole huku wa kwanza ukilia wazi, aifungue sauti taratibu kwa mguu baada ya kuupiga waya. Wapiga solo wetu wana vidole vilivyolelewa na benga na rumba, kwao si mlima. Kitu kimoja tu kitawashinda mwanzoni, nacho ni kunyamaza hadi mwimbaji amalize mstari.

Kwa nyimbo za Wallen tatizo lenu huenda si vyombo. Silabi zake zimejaa kwenye kila pigo kwa mwendo wa rap. Ukiziimba kwa mvuto wa Reeves lazima zisikike zimevaliwa na mtu mwingine. Mpe mpiga besi aimbe hizo. Anaonekana kuwa na mdomo mwepesi.

La koo ndilo ningekuomba usilichezee. Unajaribu kuifikia sauti ya Reeves kwa kusukuma, wakati yeye aliifikia kwa kusogea. Alikuwa studio tulivu, mdomo juu ya maikrofoni, akitumia pumzi kidogo kabisa. Wewe uko hotelini, sahani zinagongana, mkono mmoja uko kwenye gitaa na spika ya dramu iko mgongoni. Pandisha kila wimbo wa Reeves nusu toni au toni mbili hadi nota ya chini kabisa isikike bila kulazimishwa. Weka kapo, kile kibano cha nyaya, kwenye shingo ya gitaa, hakuna atakayejua. Isogelee maikrofoni hadi upana wa vidole viwili, mwambie fundi apunguze besi ya sauti yako na ashushe bendi badala ya kukupandisha wewe. Panga nyimbo tatu za chini, kisha mwachie mwingine wimbo mmoja upumzike, na unywe maji, si ile bia ya ofa.

Tafuta mwalimu wa sauti hapo Nakuru akuone ukiimba, walau mara moja. Anaweza kuona bega linapanda au taya linakaza, mambo ambayo siwezi kuyaona kwenye barua. Na kama ukwaruzo unabaki hadi Jumanne au Jumatano, au kuna maumivu, au sauti inakatika katikati ya neno ukiongea tu, pumzisha uimbaji. Ukizidi wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie nyuzi zenyewe kwa kamera, hata kama unajisikia mzima. Ukitema damu au kupumua kukawa na shida, usingoje wiki yoyote. Ijumaa hiyo mpiga besi ataimba zote, na wazee watamsamehe.